Hesabu ya Siku

Kitu cha kwanza ambacho mashindano ya poka humfundisha mtu ni kwamba kusubiri kuna gharama. Unaweza kukaa kitini kwako kwa adabu, usimchokoze mtu, ukatupa kila karata mbaya unayopewa, usifanye hata kosa moja, na bado ukatolewa. Kete zako zitaisha zenyewe, kidogo kidogo, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni la maji.

Kinachozimaliza ni dau la lazima. Kila karata zinapogawiwa, watu wawili hutakiwa kuweka kete mezani kabla hawajaona walichopata: mmoja anaweka dau dogo, na wa kushoto kwake anaweka dau kubwa, ambalo kwa kawaida ni mara mbili ya lile dogo. Mgao unaofuata, zamu inasogea kiti kimoja. Hakuna anayeikwepa. Kisha, na hapa ndipo mashindano yanapotofautiana na poka ya kawaida ya kuchezea fedha, dau hilo linapandishwa kila baada ya muda uliopangwa. Saa ya kwanza hulisikii. Saa ya tatu linakula robo ya ulichonacho kila meza inapozunguka. Na katika mashindano kama yetu huruhusiwi kuingiza mkono mfukoni ukaongeza. Ulichoanza nacho ndicho hicho. Kikiisha, unasimama, unachukua koti lako.

Nasema koti kwa sababu mimi hucheza Ohio, na huku karibu nusu ya mwaka hakuna anayetoka usiku bila koti. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya takwimu. Kila Jumamosi usiku tunakutana wanafunzi wanane kwenye chumba cha chini cha nyumba anayopanga mwenzetu mmoja, karibu na mashine ya kufulia. Kila mtu anatoa dola 10. Mshindi anapata 40, wa pili 24, wa tatu 16, na watano waliobaki wanaambulia mabaki ya piza. Hakuna anayekata chochote katikati. Kila dola iliyoingia inarudi kwa mchezaji. Na kwa kuwa kwetu chipsi ni viazi, vile vidude vya duara ambavyo wenzangu waliviita chipsi mimi nimeviita kete tangu siku ya kwanza, na sasa hata yule Mkorea wa mezani kwetu anasema "kete".

Kanuni zenyewe hazichukui dakika kumi kujifunza. Unapewa karata mbili unazoziona peke yako. Kisha karata tano zinafunuliwa katikati ya meza, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo ni za wote. Kati ya saba, unatumia tano bora. Katika kila hatua unaweza kutupa karata zako, kulipia dau lililowekwa, au kulipandisha. Anayebaki peke yake baada ya wengine wote kutupa anachukua kila kilichopo mezani, awe ameshika ree mbili, karata kubwa kuliko zote, au awe anatishia nyau.

Mwanzoni mwa usiku, wakati dau bado ni dogo, mkakati ni kucheza kidogo na kuangalia sana. Kijana mmoja wa hapa hapa Ohio hupandisha dau kila zamu yake inapokuwa ya mwisho, awe na kitu au asiwe nacho, kwa sababu anayecheza mwisho ameshaona wenzake wote wamefanya nini. Yule Mkorea hupandisha mara chache sana, na akipandisha, tupa. Mambo haya huyapati kwa kucheza; unayapata kwa kukaa kimya huku umetupa karata zako. Lakini ukimya huo una mwisho, na ugumu wa mashindano uko hapo: kujua umebakiza muda gani wa kukaa kimya.

Kuna namba ya muda huo. Inaitwa M, kwa heshima ya Paul Magriel, Mmarekani aliyefundisha hisabati, akawa bingwa wa bakgamoni, kisha akaingia kwenye poka. Dan Harrington, bingwa wa mashindano makuu ya Las Vegas ya mwaka 1995, ndiye aliyeieneza kwa vitabu vyake. Unachukua kete zako zote, unazigawanya kwa jumla ya madau ya lazima ya mzunguko mmoja. Jibu ni idadi ya mizunguko utakayoishi bila kucheza. Ukiwa na kete 3,000 na madau ya lazima ni 50 na 100, M yako ni 20. Una nafasi. Unaweza kuchagua, unaweza kulipa kidogo ukaona karata tatu za kwanza kisha ukakimbia. Madau yakifika 200 na 400, kete zile zile 3,000 ni mizunguko mitano tu. Hapo, kwa mafunzo ya Harrington, umeingia eneo jekundu. Ujanja mdogo mdogo umekwisha. Yamebaki mambo mawili: kuweka zote, au kutupa.

Wageni wa mchezo hukosea hapa, tena hukosea kwa heshima zao zote. Wanaona kete zimepungua, wanaamua kuwa waangalifu zaidi. Wanasubiri ree mbili. Lakini ree mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221, na mtu mwenye M ya tano kwenye meza ya watu wanane amebakiwa na migao kama 40. Atakufa njaa kabla mgeni hajabisha hodi. Ushauri wa wanaojua ni kinyume chake: ukiwa na kidogo, sogea mapema, na uwe wa kwanza kusogea. Ukilipia dau la mwenzako, una njia moja tu ya kushinda, karata zako ziwe bora kuliko zake. Ukiweka wewe kwanza, una njia mbili: karata zako zishinde, au wenzako waogope watupe. Njia hiyo ya pili ndiyo mali ya maskini mezani. Nayo huoza. Ukisubiri mpaka kete zako zimekuwa chache mno, hakuna atakayeogopa. Watakulipia kwa udadisi tu.

Nilipokuwa nikimweleza mdogo wangu habari hii kwa simu, alinikatiza.

"Dada, hiyo si ndiyo hesabu?"

Mdogo wangu anaendesha bodaboda Morogoro, kwenye kijiwe kimoja jirani na stendi ya Msamvu. Pikipiki bado si yake. Ameichukua kwa mkataba: kila siku, siku sita kwa wiki, anampelekea bosi shilingi 10,000, kwa miezi kumi na miwili, na siku ya mwisho kadi ya pikipiki inabadilishwa jina. Hiyo elfu kumi ndiyo inayoitwa hesabu. Mvua ikinyesha, hesabu. Abiria wasipoonekana, hesabu. Akiumwa malaria, hesabu. Mafuta na chakula ni juu yake. Kila asubuhi anapowasha pikipiki anadaiwa kabla hajamwona abiria wa kwanza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni hesabu."

Tangu siku hiyo ikawa salamu yetu. Namwuliza, "Siku ngapi?" Ananijibu, "Tisa," au "Sita," maana yake akiba iliyopo kwenye simu yake inaweza kulipa hesabu ya siku hizo hata asipopata abiria hata mmoja. Hakuwahi kumsikia Magriel, lakini M yake aliijua kila asubuhi kuliko mimi ninavyoijua yangu Jumamosi.

Hadithi ya poka aliyoipenda kuliko zote ni ya Jack Straus. Mwaka 1982, kwenye mashindano yale makuu ya Las Vegas, Straus alisukuma kete zake mezani, akashindwa, akasimama aondoke. Inasimuliwa kwamba ndipo akaona kete moja imebaki, imejificha chini ya karatasi ya kufutia mikono. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, aliruhusiwa kukaa tena. Kwa kete ile moja akajijenga upya mpaka akawa bingwa. Wachezaji wa Marekani wamelifanya tukio lile kuwa msemo wao: ukiwa na kete moja na kiti, bado umo.

"Umeona?" mdogo wangu aliniambia. "Kete moja!"

Ipo pia ya Chris Moneymaker, na hilo ni jina lake halisi. Alikuwa mhasibu wa Tennessee. Mwaka 2003 aliingia mashindano madogo ya mtandaoni kwa dola 86, na kutokea huko akapata nafasi kwenye mashindano makuu, ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000. Akawashinda wote, akaondoka na dola milioni 2.5. Mwaka ule waliingia watu 839. Mwaka uliofuata, baada ya televisheni kumwonyesha mhasibu wa kawaida akiwatoa mezani watu wanaoishi kwa karata, waliingia 2,576.

Mimi nasoma takwimu. Kazi yangu ni kuuliza habari za wale 838. Kila mmoja wao alikuwa na kete na kiti. Wengi walicheza vizuri. Wengine waliweka zote wakiwa na karata bora, wakashindwa na karata ya mwisho kufunuliwa. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushinda takriban mara nne katika kila tano, na ile ya tano lazima imwangukie mtu. Mashindano ni mashine ya kutoa watu. Hata kama wote wangekuwa wanarusha shilingi juu, mmoja angebaki, na yeye ndiye angehojiwa kuhusu siri ya mafanikio yake.

Kila kijiwe cha bodaboda kina Straus wake. Kwenye kijiwe cha mdogo wangu ni kijana mmoja aliyebashiri mechi kumi na tatu kwa shilingi 1,000, zote zikaitika. Alinunua pikipiki mbili, na mpaka leo akipita wanamwonyesha kwa kidole. Baada ya hapo mkeka ukawa sehemu ya asubuhi kijiweni, kama chai na chapati. Mdogo wangu alikuwa akiweka elfu mbili kwa siku.

Nilimpigia hesabu. Mechi ambayo timu kubwa ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda ni mechi nzuri. Ukiunganisha kumi za namna hiyo, nafasi ya zote kuitika ni chini ya 3 kwa 100. Kisha kuna makato ambayo hayaandikwi kwenye mkeka. Tuseme kampuni inajiwekea shilingi 5 katika kila 100 kwa kila mechi, humo humo ndani ya odi. Kwa mechi moja huzioni. Kwa mechi kumi zilizounganishwa, makato yanazidishwa juu ya makato, na katika kila shilingi 100 unazoweka, wastani unaorudi ni kama 60. Kadiri mkeka unavyorefuka, ndivyo kampuni inavyonenepa.

Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na wewe je?"

Majibu nilikuwa nayo, na ni majibu ya kweli. Mezani kwetu hakuna kampuni. Ninachoweza kupoteza nakijua kabla sijakaa: dola 10, haziongezeki hata usiku uwe mbaya namna gani. Sishindani na odi zilizopangwa na mtu anayejua zaidi yangu. Nashindana na watu saba wanaochoka, wanaokasirika, wanaolipia dau kwa kuwa hawapendi kuonekana waoga. Na ninaandika. Daftari langu linaonyesha mashindano 26, na nimeingia kwenye malipo mara 12. Kwa bahati tupu ingekuwa kama mara 10, na mtu yeyote wa idara yetu atakwambia tofauti hiyo haithibitishi chochote, lakini daftari ninalo.

"Dola kumi ni hesabu yangu ya siku mbili na nusu," akasema. "Ila hilo liache. Tofauti yetu ni moja tu, dada. Wewe ukitolewa, unaenda kulala."

Vitabu vyote vya mkakati nilivyosoma vimeandikwa kwa mtu mwenye Jumamosi ijayo. Vinasema: fanya uamuzi sahihi, usijali matokeo ya leo, kwa muda mrefu mambo yatajisawazisha. Ni kweli, na katika somo langu kweli hiyo ina jina na uthibitisho. Lakini muda mrefu nao ni mali, na si kila mtu anayo. Mdogo wangu ana mkataba mmoja. Mama yangu ana genge moja. Hata mimi, nikihesabu vizuri, nina posho moja ya usaidizi wa mwalimu, inayokoma mwezi wa nane.

Ipo sehemu ya nadharia ya mashindano inayomsogelea mtu wa namna hiyo. Fikiria wamebaki wachezaji wanne, wote wana kete sawa, na wanaolipwa ni watatu: 50 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili, 20 kwa wa tatu. Kwa kuwa wako sawa, nafasi ya kila mmoja ina thamani ya 25. Sasa weka zako zote dhidi ya jirani. Ukishindwa, unatoka na sifuri. Ukishinda, kete zako zimekuwa maradufu, lakini thamani yako haiwi 50. Inakuwa kama 38. Njia ya kukokotoa hivyo ilipendekezwa na Mason Malmuth mwaka 1987, na maana yake kwa mchezaji ni kwamba nafasi nusu kwa nusu haitoshi. Unahitaji kushinda kama mara 65 katika 100 ndipo ulipwe kwa kujihatarisha. Kete unayopoteza ni nzito kuliko kete unayopata, na uzito huo hauzidi popote kama pale mlangoni, hatua moja kabla ya malipo. Ndiyo maana mwenye rundo kubwa huwa mkali saa hiyo hiyo, akapandisha dau kila mgao. Anajua wenzake hawathubutu kumlipia.

Mwezi wa nne mwaka huu mdogo wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa amelipa hesabu ya miezi tisa kati ya kumi na miwili, zaidi ya shilingi milioni mbili. Mkataba ulisema akishindwa kuleta hesabu siku saba mfululizo, pikipiki inarudi kwa bosi, na yote aliyolipa yanahesabiwa kuwa kodi. Masika yakaja, abiria wakapungua, akiba ikashuka. Halafu injini ikafa. Fundi akataka laki moja na themanini. Mdogo wangu alikuwa na shilingi 15,000, na hesabu ya siku nne nyuma.

Ujumbe wake wa sauti ulinikuta wakati wa mapumziko ya mchezo, saa nne usiku kwangu, saa kumi na moja alfajiri kwake. Hakuomba hela. Aliomba mechi.

"Dada, wewe umesomea hivi vitu. Nichagulie kumi na mbili za leo, niweke elfu tano."

Nilimpigia nikiwa nimesimama kando ya mashine ya kufulia. Nikaanza zile habari za 70 kwa 100. Akaniacha nikafika nusu.

"Hayo ulishanieleza, nayajua. Sasa niambie nifanye nini. Nikae na elfu kumi na tano niitazame?"

Wanaowacheka vijana wa mikeka hudhani vijana hao hawajui kwamba watapoteza. Wengi wanajua. Wanachojua zaidi ni kwamba kukaa na kile kidogo nako ni kupoteza, tena kwa uhakika. M yake asubuhi ile ilikuwa siku moja na nusu. Harrington mwenyewe angemwambia aweke zote. Kwamba lazima asogee, mdogo wangu alikuwa sahihi. Kilichobaki ni asogee wapi. Mkeka ulikuwa ni kulipia dau la mtu mwingine: njia moja ya kushinda, na nyembamba. Nikamwuliza ni wapi ambapo yeye anaweza kuwa wa kwanza kuweka.

Alikaa kimya. Nikasikia jogoo.

"Bosi ameshakufuata?" nikauliza.

"Bado. Atakuja siku ya saba."

Nikamwuliza bosi akiichukua pikipiki leo, anachukua nini. Tukahesabu pamoja. Anachukua pikipiki iliyokufa injini. Atamlipa fundi yeye mwenyewe. Atatafuta kijana mwingine asiyemjua, na vijana wasiojulikana wameshawahi kupotea na pikipiki za watu. Atamkosa aliyeleta hesabu miezi tisa bila kuruka. Kwa upande wa pili, angeanza mkataba mpya kutoka sifuri, na hilo lilitutisha wote wawili, kwa sababu bosi mwenye subira akikaa na kalamu ataona kwamba kumnyang'anya kunalipa. Hatukuwa na karata nzuri. Tulikuwa na karata ya kati, na nafasi ya kuwa wa kwanza, ambayo ingeisha baada ya siku tatu.

Tukapanga aende asubuhi ile ile, asisubiri kuitwa, na asiende kulia shida. Aende na ofa: injini anaitengeneza yeye kwa gharama yake, apewe siku kumi bila hesabu, siku zote anazodaiwa zisogezwe mwisho wa mkataba, na juu yake aongeze wiki mbili.

Ofa hiyo ilikuwa na maana endapo tu fundi angelipwa, na hapa poka haikuwa na la kutusaidia. Katika mashindano, kumpitishia jirani kete zako ni udanganyifu. Mkigundulika mnaweza kutolewa wote wawili. Kila mtu na rundo lake, na hilo ndilo linaloufanya uwe mchezo. Kwetu hakuna aliyewahi kukubali kukaa meza ya namna hiyo. Mama anauza mbogamboga, na kila wiki hununua hisa kwenye kikoba cha wanawake wa mtaa wao. Alikopa laki moja, kwa riba anayoijua, ambayo mwisho wa mwaka inagawanywa kwa wanawake wale wale walioilipa. Mimi nilikuwa na dola 212 za kunifikisha mwisho wa mwezi. Nilituma 35, zikafika kama shilingi elfu themanini. Siku zangu zilishuka kutoka ishirini hadi kumi na saba. Hakuna kitabu cha mkakati kinachoeleza hesabu ambamo rundo langu likipungua siku tatu, thamani yangu haipungui.

Niliporudi mezani walikuwa wamebaki watano pamoja nami, na M yangu ilikuwa nne. Mgao wa tatu nikapata ree na kumi, nikaweka zote, nikawa wa kwanza kusogea kama inavyotakiwa. Yule Mkorea akanilipia akiwa na malkia wawili. Malkia wakashika. Nikachukua koti langu, nikatembea mpaka nyumbani kwenye mvua, na sikulala.

Saa nane usiku, saa tatu asubuhi kwake, akaniandikia. Bosi hakukubali yote. Siku kumi zilikuwa sita, na wiki mbili zilikuwa mwezi mzima. Alimkuta akinywa chai barazani, akakaribishwa kikombe, kitu ambacho hakukitegemea. Nilifurahi, halafu masomo yangu yakanirudia: tukio moja si ushahidi. Huenda bosi angekubali hata siku ya saba. Huenda asubuhi ile aliamka na moyo mwema. Siwezi kurudia siku ile mara mia nione ni ngapi kati yake pikipiki inabaki kwa mdogo wangu. Ninachojua ni kwamba kati ya sehemu mbili alizoweza kuweka vile vichache alivyokuwa navyo, moja ilikuwa na njia mbili za kushinda.

Mdogo wangu bado anabeti. Elfu moja, Jumamosi tu, mechi tatu badala ya kumi na mbili. Hiyo ya mechi tatu nilimshauri mimi, na ni ushauri wa kumpunguzia hasara, si wa kumpa faida, analijua hilo. Simwulizi sana, maana ataniuliza habari za dola zangu kumi, na mimi bado naenda kwenye chumba cha chini kila Jumamosi. Nimeshatuma maombi matano ya kazi na moja la shahada ya uzamivu. Matatu yamejibiwa, yote hapana.

Mkataba wake umebakiza wiki saba. Jana nilimpigia, nikamwuliza siku ngapi.

"Kumi na moja," akasema. Ni nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo tangu aanze mkataba, na alijua nitafurahi, kwa hiyo hakunipa nafasi.

"Na wewe?"

Nikamwambia asubiri, nihesabu.